Rangi Isiyomo Kwenye Kibao

Kibao changu cha rangi kina meno kumi na sita,
yamepangwa kama askari wa gwaride,
kuanzia weupe wa maziwa hadi umanjano wa mnywa chai.
Yalikuja Nkuhungu kwa ndege, ndani ya sponji.
Hakuna hata moja lililowahi kunywa maji ya Ikungi.

Mwalimu Sijali Mghenyi aliingia na bahasha ya eksirei,
mtandio umefunika mdomo.
Mpini wa pampu ya kisima ulimponyoka, alisema,
ukarudi juu na meno manne ya mbele.
Kisima kile kile kilichoyatia kahawia utotoni
ndicho kilichokuja kuyadai.

Anafundisha darasa la kwanza.
Bila meno ya juu, *fa* haina mahali pa kukanyaga:
mdomo wa chini unapanda, unakuta pango.
Siku ya imla alitamka *fisi*.
Watoto sitini na wawili wakaandika *hisi*,
kwa mwandiko mzuri, bila kufuta.
“Niliwapa vyema wote,” alisema.
“Walichosikia ndicho walichoandika.”

Daktari Chilongani aliupima mfupa wa taya
kama mtu anayepima udongo kabla ya kusimika nguzo.
Ganzi. Skrubu mbili za titani,
kila moja urefu wa punje ya hindi.
Kisha kungoja, na hapo kazi si yetu:
miezi minne mfupa ukikisogelea kile chuma
taratibu, kama ng’ombe anavyomzoea mchungaji mgeni,
hadi siku ukigonga husikii wawili.
Yeye huko kwao anakunywa uji wa uwele,
anakatiwa nyama ya mbuzi vipande vya mtoto.

Kinywa chake kilinifikia kwenye kompyuta, usiku.
Kamera ndogo ilipita juu ya ufizi, jino kwa jino,
na sasa ufizi ulizunguka kiooni mwangu, mwekundu,
hauna habari kwamba unatazamwa.
Mashine ikachonga. Vumbi jeupe. Tanuri.
Daraja la meno manne, rangi ya pili kutoka juu,
rangi ya maharusi.
Nilijisifu peke yangu.

Akashika kioo.
Akatazama kama mzazi aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.
“Haya ya nani?”

Nikaanza kueleza. Akanikatiza.
“Mazuri, fundi. Lakini mama alikuwa na mistari.
Kaka zangu wana mistari.
Nikicheka stendi ya Singida
watu hujua nimetoka wapi kabla sijawasalimu.”

Mistari ile naijua.
Nilikua nayo Manyoni, na mwaka wa kwanza wa kazi
niliisaga, nikavika taji sita kwa mkopo wa SACCOS.
Mama alisema nimependeza.
Siku nzima hakunitazama tena usoni.

Siku tatu nilichanganya rangi:
kutu kidogo, kahawa, udongo wa mfinyanzi.
Kaka yake alinitumia picha akicheka, mbuzi nyuma yake.
Kwa brashi ya nywele tatu nikachora wingu hapa,
pale doa, pale mstari unaoanza na kughairi.
Tanuri. Nikakosea.
Tanuri tena.

Yalipokazwa hakuomba kioo.
Aliupeleka mdomo wa chini hadi kwenye ncha za meno,
akapuliza, kama mtu anayezima kibatari.
“Fff.”
Kisha, “Fisi.”
Kisha, “FISI!” hadi dada wa mapokezi akachungulia mlangoni.

Alikwenda na basi la saa sita, mtandio mabegani.

Yangu yalisagwa; hayarudi.
Lakini kibao nimekitoboa tundu jingine kwa msumari wa moto,
nikachomeka jino lile nililolikosea mara ya kwanza.
La kumi na saba.
Namba sijalipa.
Wateja huuliza kama limechafuka.